Chumvi Kwenye Magaga ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, moyo unaniwaka, na nakusihi jina langu usilitaje kabisa, kwa sababu mama mkwe wangu hulisoma gazeti hili kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne, na yule hasomi vichwa vya habari tu, anasoma mpaka matangazo ya viwanja.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sebuleni. Kila baridi ikianza, Jumamosi nne mfululizo, wanawake wa upande wa mume wangu hukutana kwangu, tunasogeza cherehani ukutani, tunatandaza magazeti mezani, tunamimina mishumaa kwenye vikombe vilivyovunjika mikono, tunashona vifuko vya maua makavu vya kuweka kabatini, na huku tumelowesha miguu kwenye mabeseni, tunapakana asali usoni, tunayeyusha nta ya kutengeneza mafuta ya midomo, na jambo hili nililianzisha mimi, mshauri, mimi na si mwingine, miaka tisa iliyopita, wakati wifi yangu hajui hata nta inayeyushwa vipi.

Huyo wifi ni dada wa mume wangu, ni msusi, ana saluni yake ndogo. Nilimfundisha kila kitu kwa mikono yangu hii. Sasa mwaka huu si kaja na vichupa vya vioo, vifuniko vinang'aa, skrabu ya kusugulia ngozi, ya sukari na kahawa, inanukia nyumba nzima, na wote wakamwangukia, “Jamani, wewe una mkono!”, na mama mkwe akakikumbatia kile kichupa kama mjukuu, halafu mshumaa wangu niliohangaika nao siku mbili akauweka chini ya kiti, chini ya kiti, mshauri, na binti yangu mwenyewe, niliyemzaa kwa uchungu, akaniuliza, “Mama, mbona vyako haviwi vizuri kama vya shangazi?”

Lakini kilichonimaliza ni ile karatasi aliyobandika kwenye vichupa. Kachora mwenyewe mikono miwili imeshikana, mmoja una kucha ndefu zilizopakwa rangi, mwingine kidole kimevaa subana, kile kikofia cha chuma tunachovaa mafundi sindano isituchome. Yaani hata subana yangu kaniibia, mtu ambaye hajawahi kushona hata kifungo!

Basi Jumamosi ileile, ya pili, skrabu ikaisha, akaniuliza kutoka jikoni, “Wifi, sukari iko kopo lipi?” Makopo yangu mawili yanafanana. Mshauri, nilijua kabisa lipi ni lipi. Nikamwambia, “La kushoto.” La kushoto ni chumvi. Akachanganya na mafuta na kahawa, na ukishachanganya hivyo huwezi kutambua. Nilidhani atajipaka mwenyewe, vidole vyake vimechubuliwa na kazi ya kusuka, vimchonyote kidogo, basi, aaibike kidogo, nicheke moyoni. Sasa nani angejua mama mkwe atasema, “Mimi kwanza,” na kunyoosha miguu yake yenye magaga yaliyopasuka mpaka yanatoa damu?

Alipiga yowe majirani wakatoka. Beseni lilipinduka, maji yakaingia chini ya cherehani. “Unataka kunizika kabla ya siku zangu?” akamfokea wifi, mwanawe mwenyewe, naye akabaki kapiga magoti sakafuni anamsuuza miguu, analia, anasema, “Nisamehe mama, nimekosea kopo.” Mama mkwe akaapa asimwone tena kwenye Jumamosi zetu.

Jumamosi iliyofuata nilibaki mwenyewe na ufalme wangu. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyetania, binti yangu alijifungia chumbani, na kufikia saa nane kila mtu alikuwa amekumbuka kwamba ana nguo za kuanua. Jioni wifi akanipigia simu, nikajua sasa yamenifika, kumbe anasema, “Wifi yangu, usiache kumpaka mama mafuta ya nazi kwenye visigino, mimi hataki hata kuniona.” Tangu hapo silali vizuri. Na bado, mshauri, nisikufiche, nikikumbuka vile vichupa wivu unanipanda upya. Jumamosi ya mwisho ni kesho ya siku utakayonijibu. Nikisema, nimekwisha katika ukoo huu. Nikinyamaza, nitaishije? Nifanye nini?

Fundi Mwenye Aibu

*

Fundi,

Pole. Nimeanza na pole kwa sababu huko mbele hutaipata.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekunja miguu juu ya kiti, maana na mimi magaga ninayo. Kuona wivu si ajabu. Nina jirani anayefuma vitambaa, nikiviona vimeanikwa hununa hadi jioni. Lakini sijawahi kumwonyesha kopo. Wewe mtu alikuuliza kwa kukuamini, ndani ya nyumba yako, ukamjibu kwa makusudi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wewe ulimtanguliza bibi wa watu.

Unasema wifi alikiri kwamba amekosea kopo. Hebu tulia. Yeye anajua nani alimwambia “la kushoto”. Alipopiga magoti pale, mama yake anamfokea, sentensi moja tu ingemwokoa: “Wifi ndiye aliyenionyesha.” Hakuisema. Wiki nzima hajaisema. Na ulipodhani anapiga simu kukushtaki, alikuwa anahangaikia visigino vya mama.

Sasa tuje kwenye ule mchoro, maana hapo ndipo nilipotaka kukufinya. Mikono miwili, fundi. Wenye kucha za rangi ni wa msusi. Huo wenye subana ni wa nani katika ukoo huo? Umesema mwenyewe hajawahi kushona kifungo! Mwanamke huyo alikaa akakuchora wewe, akakushika mkono, akakubandika kwenye kila kichupa ili kila atakayekisifu akusifu na wewe. Ulikuwa umesifiwa chumba kizima na hukusikia. Wivu umekunyima hata kuutambua mkono wako.

Sikiliza, na usianze kuniambia “lakini”. Leo hii nenda saluni kwake. Wateja wakiwepo, kaa kwenye foleni kama wenzako. Ukifika mbele yake sema, “Nilijua ni chumvi.” Usiseme “kama nilikukosea”, usiseme “shetani alinipitia”, shetani hana kopo jikoni kwako. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, simama nje umngoje. Kisha muende wote wawili kwa mama, wewe ukiwa umebeba beseni, maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi, uioshe ile miguu kwa mikono yako huku unamweleza. Atakufokea. Umestahili. Mficha uchi hazai, na ukoo unaovumilia kelele zako za cherehani miaka tisa utavumilia na hili. Na kesho yule binti akikuuliza kwa nini vyako haviwi kama vya shangazi, mjibu, “Atanifundisha.”

Jambo la mwisho. Umeniambia mama mkwe wako hulisoma gazeti hili kila Ijumaa mpaka matangazo ya viwanja. Ulilijua hilo, na bado ukaniandikia mimi. Nadhani moyo wako umechoka kulibeba. Jina lako sijalitaja, ahadi ni ahadi. Ila hebu niambie, katika mji huu ni mafundi cherehani wangapi wenye wifi msusi na mama mkwe aliyepakwa chumvi kwenye magaga?

Leo ni Ijumaa. Saa nne imekaribia, chai iko jikoni, na bibi anatafuta miwani yake. Vaa viatu, fundi. Ukikosa viatu, nenda peku.