Mdogo Wako Hakufunga kwa Ajili ya Mungu

Kabazana, Nakivale,
18 Juni 2024.

Mpendwa wifi Perpétue,

Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi letu la kambini. Hapo Uvira mmeamkaje? Na goti lako, limeacha kukusumbua? Sisi wengine tu wazima. Mgonjwa ni mdogo wako Grégoire, na ugonjwa wake mkubwa ni majivuno.

Shida yake ya kukosa choo unaijua, ni mwaka wa pili sasa. Mwezi uliopita nilimpeleka Mbarara. Daktari alisema tumboni kuna vijidudu vinavyojaza gesi na kuchelewesha utumbo, akampa antibiotiki za siku kumi na nne. Kisha akamkazia: "Mzee, hii dawa peke yake haiwezi. Kula maharagwe, kula dodo, kunywa maji mingi." Dodo, mchicha wa huku, ni lengalenga zetu zile zile. Bwana mkubwa akaitikia kwa kichwa, kumbe alisikia neno dawa tu. Majani, anasema, ni chakula cha mbuzi.

Ijumaa moja kwenye maombi wakamkaribisha chai na mandazi. Tumbo limemjaa, akakataa: "Miye nimefunga, leo siku ya tisa." Alimaanisha choo. Pasta Ezira akamshika mkono, akampeleka mbele. Siku tisa bila kula, wakasema, mtu wa Mungu huyo. Unadhani alisahihisha? Alifumba macho akapokea sifa kama haki yake.

Tangu siku hiyo nyumba ikajaa wanaotaka kuombewa, na mtakatifu hawezi kuonekana akitafuna maharagwe. Alimeza vidonge vyake kwa funda moja la maji, na kitonge cha ugali mweupe kwa kujificha. Tumbo likawa gumu, macho yakaingia ndani. Nilimsihi ale, akaniita mjaribu.

Jumapili tarehe tisa aliitwa awawekee wagonjwa mikono. Akayumba, akashika benchi. Hapo nikasimama mbele ya kanisa zima: "Pasta, uyu mutu hakufunga juu ya Mungu. Ni choo njo imemufunga."

Kwaya ilicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikalia sana, wifi, kwa sababu nilikuwa na hofu. Mpumbavu yule alikuwa tayari kufa na sifa zake, aniache peke yangu kwenye nchi ya watu.

Wageni wamekoma. Kwa kuwa hakuna tena wa kumtazama, amekubali kula, na juzi choo kikafunguka. Ukimpigia simu mkaripie, wewe uliyembeba mgongoni.

Nisalimie Venuste na mama Georgette. Mungu awalinde nyote, na maji ya ziwa yanayopanda yasiwafikie.

Haongei nami mpaka leo. Sahani ya lengalenga ikiisha, anaisukuma upande wangu nimwongezee.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kuliko anavyostahili ndugu yako,
Jeannette