Mashine Isiyo na Mvumo

Raskazone, Tanga
4 Machi 1999

Dada Alefiya,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Huku tu wazima. Mama anakusalimu, ila siku hizi anasahausahau. Vipi Dubai na joto lake?

Kanda za marsiya, zile tenzi za maombolezo alizoghani marehemu Baba, zinaota ukungu kwa hewa ya chumvi. Nataka kuingiza sauti yake kwenye kompyuta ya sebuleni, kisha niunde mashine ya pili ya kuihifadhi, ziunganishwe kwa waya. Hiyo ya pili itakaa chumbani kwa Mama, ndiko kwenye kiyoyozi. Nitafutie diski mbili zinazozunguka polepole, moja ikifa nyingine ibaki, prosesa isiyochemka, na feni pana, iende taratibu. Isisikike kabisa, Mama apate usingizi. Hapa tangu biashara iwe huria kila kitu kimejaa, na kila kitu feki.

Mdogo wako,
Abbas

Dubai
28 Machi 1999

Mdogo wangu Abbas,

Waalaikum salaam. Marahaba. Mimi sijambo, mafua tu.

Muuzaji huku kaniuliza: kanda za mzee mmoja, diski mbili za nini? Na mashine isiyosikika, anafichwa nani? Nami nakuuliza wewe. Redio kubwa ya Baba nayo ilipotea wiki ya arubaini yake, ukasema hujui.

Haya, vitu anavyo Idarusi, jirani yangu wa huku, anakuja Tanga. Ukishaviunga nipigie picha, nione mashine imo chumbani kwa Mama.

Dada yako,
Alefiya

Dubai
9 Julai 1999

Abbas,

Salaam. Mama hajambo? Nimekuandikia mara mbili, kimya.

Jirani yenu Asmahani ameniandikia. Alikuona umebeba kasha la chuma, umelifunika khanga ya Mama, unalipeleka kwa Shaame, yule Mpemba fundi redio. Kisha Asmahani akaingia kwenu kumwamkia Mama: amekonda, na chumbani hamna mashine. Umeiuza? Mama anakula nini? Nijibu kabla sijamwandikia ami.

Alefiya

Raskazone
25 Julai 1999

Dada, assalamu alaikum, na shikamoo,

Sijauza. Ilifanya kazi vizuri mno, hilo ndilo balaa. Niliiwekea spika ndogo, Mama amsikie Baba. Asubuhi nikamkuta kaweka kikombe cha pili cha chai mbele ya kasha.

“Abbas, baba yako anataka kutoka. Mfungulie.”

“Mama, hii ni mashine.”

“Mashine gani haina mvumo?”

Ingekuwa na kelele, dada, asingedanganyika. Nikaizima. Akasema nimemfungia baba yangu. Tangu hapo hali chakula cha mkono wangu, ananusa sahani kama nimetia sumu. Ndiyo maana nikaihamishia kwa Shaame. Kanda zote zimo, salama. Ningekuandikia nini? Kwamba Mama ananiogopa?

Mdogo wako,
Abbas

Dubai
11 Agosti 1999

Abbas, mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Marahaba, na pole, pole sana.

Jana nilimpigia Asmahani simu, akamwita Mama. Sikumuuliza neno. Yeye ndiye aliyeninong'oneza, “Alefiya, baba yako kafika huko?”

Nikasema, “Kafika, Mama. Amelala.”

Nikamsikia akishusha pumzi. “Kumbe Abbas alimfungulia,” akasema. Akamwambia Asmahani amrudishe nyumbani, mwanawe kapika.

Akikuuliza, Baba yuko kwangu. Tuseme neno moja.

Dada yako,
Alefiya