Namba Niliyoifungia Ijumaa

Jumapili, jioni. Mawingu yametanda hapa Nyamisangura tangu asubuhi na mvua imegoma kunyesha. Nimekaa kwenye cherehani lakini sijashona kitu. Naandika kwa simu hii hii ninayoichukia, kwa kidole kimoja, na kila baada ya mstari naangalia kama mtandao bado upo.

Mwanangu Marwa ameumia huko machimboni, upande wa Kemambo. Aliyetaka kuniambia tangu juzi nilimtukana, nikamkatia simu, nikaifungia namba yake isinifikie tena.

Nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Ngoja niandike taratibu, pengine moyo utashuka. Wanaonisoma hapa wananijua: mama mjane, darasa la saba, fundi wa sare za shule. Blogu hii nilifunguliwa na Rhobi, binti wa dada yangu anayetengeneza simu mjini. Aliniambia, "Mama mdogo, wewe una maneno mengi, yaweke mahali." Leo sina mengi. Nina hili moja tu.

Mwaka huu simu yangu imekuwa kama mlango usio na komeo. Meseji za kuambiwa ile hela niitume kwenye namba hii, hela ambayo sijawahi kuahidi mtu. Babu wa tiba anayeniita mjukuu wake. Kuna mama mmoja alikuwa ananipigia kunipongeza kwa zawadi, na mimi kwa adabu zangu namjibu, "Asante mwanangu, lakini mimi sikucheza bahati nasibu yoyote, mimi ni mtu wa kanisa." Anaendelea kunipongeza tu. Siku ya tatu ndipo Rhobi akaniambia kwamba ile ni mashine. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, wakati ule.

Kicheko kiliisha wiki mbili zilizopita. Simu iliita, kioo kikaandika Mama Mchungaji. Nikapokea haraka. Sauti ikawa ya mwanamke mwingine, inalia. Akasema yeye ni muuguzi, ameazimwa simu na Mama Mchungaji, Marwa amefukiwa na kifusi, anahitaji upasuaji sasa hivi, nitume hela kwenye namba ambayo angenitajia. Ningeshuku vipi? Jina nililiona kwa macho yangu. Nikatuma. Kiasi sitaandika. Kisha nikakimbia na kanga moja mpaka nyumbani kwa Mama Mchungaji, nikamkuta anabambua karanga, simu yake iko kwenye chaji, imezimwa tangu asubuhi.

Rhobi akanieleza kwamba hao watu wana mitambo, namba ya mtu mwingine wanaivaa kama shati. Unachokiona kwenye kioo si lazima kiwe ndicho. Akanipa masharti. Namba nisiyoijua nisipokee, au nikipokea nisiseme habari zangu. Namba ninayoijua ikiniomba kitu cha ajabu, nikate, halafu nipige mwenyewe. Tarakimu zinazokuja kwa meseji nisimsomee mtu yeyote, hata akijiita malaika. Anayenisumbua nimfungie, na niripoti kwenye ile namba ya matapeli. Nilishika yote kama mtoto wa shule. Nikawa nafungia kila siku, moja, mbili, tano. Nilianza kusikia raha fulani kidoleni. Hilo nalikiri.

Ila Marwa hana simu. Yake ilitumbukia kwenye dimbwi la kuoshea mawe ya dhahabu, na tangu hapo anapiga kwa simu za watu, kila mara namba mpya. Hunipigia Jumamosi jua likishazama, maana anajua Sabato nzima simu yangu imezimwa. Jumamosi ile baada ya utapeli alipopiga, nilipoisikia sauti yake nzima, nililia mpaka akaniambia, "Mama, salio la watu linaisha, lia kidogo kidogo." Nikamwambia, "We mura, kijana wangu, sikiliza. Siku mtu mwingine akinipigia kwa ajili yako, nitamuuliza jina la baba yako. Lile la nyumbani." Mume wangu alizikwa kwa jina la ubatizo, na la ubatizo ndilo lililoandikwa kila mahali. La nyumbani halimo kwenye kitambulisho chochote. Tapeli atalitoa wapi? Marwa alinyamaza kidogo, kama mtu mwenye neno, halafu akasema sawa mama.

Hata hapa silitaji. Sijui nani anasoma.

Ijumaa, jua likiwa limebaki kidogo, napiga pasi gauni la Sabato, namba nisiyoijua ikaita. Nikapokea kwa sababu nilikuwa na silaha yangu.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Bhoke. Nakupigia kwa ajili ya Marwa, ameu..."

"Subiri hapo hapo. Baba yake Marwa anaitwa nani? Jina la nyumbani."

Nasikia anahema, na nyuma yake jogoo.

"Mama, hilo siwezi."

"Huwezi au hujui?"

"Naomba uniulize lingine, mama. Nakuomba."

Nilicheka. Ee Mungu, nilicheka. Nikamwambia, "Lingine utaulizwa polisi. Mwenzako wa juzi alikuwa fundi kuliko wewe, yeye angalau alijua kulia. Mwizi mkubwa, huna hata aibu ya kusema shikamoo!" Nikakata. Nikafungia. Nikaripoti. Nikazima simu, nikaipokea Sabato nikiwa na amani kubwa sana.

Na jana, wakati wa ushuhuda, nilisimama mbele ya kanisa. Nilisimulia yote, nikaigiza hadi ile sauti, "naomba uniulize lingine." Watu walicheka, wakasema amina. Akina mama watatu walinifuata nje niwafundishe hiyo ya swali la siri. Nikawafundisha.

Jua likazama. Nikawasha simu. Marwa hakupiga.

Nilijisemea kwamba amekosa simu ya kuazima. Leo asubuhi alikuja wifi yangu Nyangi, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, ameniletea viazi. Nikamsimulia yeye pia, na sauti nikaigiza tena. Hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniangalia.

"Wifi," akaniuliza, "baba yangu mimi aliitwa nani?"

"Unamaanisha nini?"

"Baba mkwe wako. Mzee aliyekutolea ng'ombe. Mtaje jina."

Nikafungua mdomo. Halikutoka. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa na jina la mzee yule sijawahi kulitamka, si mbele yake, si kaburini kwake. Hata siku ya kuandikisha familia kwenye ofisi ya kata, karani aliponiuliza, nilimsukuma Marwa mbele alitaje yeye. Hakuna aliyeniamrisha. Ndivyo nilivyolelewa, mkwe halitaji jina la baba wa mumewe, akilitaja anakuwa amemvua nguo mbele za watu. Kulikataa kwangu kunatoka ndani kabisa, kabla hata sijafikiri.

"Si amekufa siku nyingi? Sema tu," wifi akanisukuma.

"Siwezi."

"Naomba uniulize lingine," akasema wifi, polepole.

Nikaishika simu yangu.

Tapeli angetaja jina lolote. Angebahatisha Mwita, angebahatisha Chacha, hapa kwetu kila nyumba inayo. Mtu mmoja tu duniani angelijua lile jina na bado akashindwa kulitaja. Marwa ana mke. Hajaniambia, nadhani kwa sababu ng'ombe hata mmoja hajatoka kwetu kwenda kwao, anaona aibu. Ndiyo maana siku ile alinyamaza kwenye simu. Na huyo binti ambaye hatujamtolea chochote, mumewe ameumia, simu si yake, mama mkwe anamwita mwizi, bado hakumvua nguo mzee wangu ambaye hajawahi hata kumwona.

Hiyo ndiyo heshima niliyoitukana nikapata amina.

Sikujua kufungua nilichofungia. Kufungia nilikuwa bingwa, kufungua sikufundishwa. Nilikwenda kwa Rhobi karibu mbio, nikamkuta anafua. Alijifuta mikono akaichukua simu, akaenda mahali ambapo sikujua kama papo, orodha ya wote niliowafungia. Ilikuwa ndefu. Namba tupu, hakuna jina. "Mama mdogo, umefunga nusu ya Tanzania," akasema, lakini hakuwa anacheka tena.

Ya Ijumaa ilikuwa juu kabisa. Tukaipiga. Haipatikani. Tukarudia. Haipatikani. Nikamuuliza kama imefungwa kwa sababu ya ripoti yangu. Akasema hawafungi kirahisi hivyo kwa neno la mtu mmoja, labda ni chaji, labda mtandao. Alisema labda nyingi sana.

Tukapiga nyingine za kwenye orodha, pengine mojawapo ni ya rafiki wa Marwa. Wa kwanza akaniuliza kama niko tayari kupokea utajiri. Wa pili alikuwa mdogo wangu Wambura wa Robanda, kumbe alibadilisha laini. "Dada! Wiki nzima kila nikikupigia simu inakata. Tembo wamemaliza mahindi yangu yote, nikadhani umesikia ukaogopa nisije kuomba chakula." Nikamwambia anisamehe, nikakata kabla sijamjibu vizuri. Hilo nalo lina zamu yake.

Kisha Rhobi akafungua sehemu ya meseji zilizozuiwa. Humo katikati ya waganga na zawadi, kulikuwa na hii, ya Ijumaa, dakika chache baada ya mimi kuzima simu:

"Shikamoo mama. Uliyeniuliza jina lake ni baba mkwe wangu siwezi kumtaja nisamehe. Marwa kaangukiwa na jiwe mguu na kiuno. Yuko hai anakuulizia. Simu ni ya jirani anaondoka nayo leo. Tumelazwa kituo cha afya hapa Kemambo. Njoo mama."

Njoo mama. Ijumaa. Na mimi Jumamosi nilikuwa nimesimama kanisani naigiza sauti yake.

Nilikwenda stendi saa hiyo hiyo na mfuko wa nguo. Gari la mwisho la upande ule lilikuwa limeshaondoka. Bodaboda wawili walikataa, wakasema huko juu mvua imeshanyesha, njia haipitiki na giza linaingia. Wa tatu alikubali, wifi akanivuta mkono. "Ukivunjika na wewe, nani atamuuguza nani?" Nimerudi nyumbani. Gari la kwanza ni alfajiri na kiti nimeshakiwekesha.

Tangu hapo napokea kila simu. Kila moja. Pengine Bhoke amepata simu ya mtu mwingine. Jioni hii zimeita nne. Mmoja anauza umeme wa jua. Mmoja amekosea namba. Mmoja ni yule mama wa zawadi, nimemsikiliza mpaka mwisho, nikawa naomba moyoni katikati ya mashine ile isikike sauti ya binti anayehema na jogoo nyuma yake. Wa nne alisema yeye ni afisa, nimsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu. Nikamwambia, "Baba, tarakimu sikupi. Lakini kama uko karibu na Kemambo, niambie tu kama mwanangu yuko hai." Akakata yeye.

Sijui hata nimejifunza nini. Masharti ya Rhobi ni sahihi, nayarudia kwa wanaosoma: jina kwenye kioo si ushahidi, kata upige mwenyewe, tarakimu zako ni zako. Mwizi yupo kweli, alinila kweli. Ila mimi woga uliponishika nilitafuta swali la kumnasa mtu, sikutafuta la kumsikia. Aliniambia "ameu..." na sikumwacha amalizie neno. Ningemuuliza Marwa anapenda kula nini. Ningemuuliza alama ya jicho lake ilitoka wapi. Aliniomba nimuulize lingine! Mlango alinionyesha mwenyewe.

Sabato ijayo nitasimama tena mbele ya kanisa, Mungu akinipa hiyo Sabato, niufute ushuhuda wangu. Wale akina mama watatu nitawafuata majumbani.

Bwana, sikuombi mengi. Usiku huu mlaze Marwa upande usiomuuma. Mpe yule binti mtu wa kumwazima simu, na kama hakuna, mpe uvumilivu wa usiku mmoja zaidi. Mimi ninyime usingizi, ni haki yangu.

Mvua ndiyo inaanza sasa, nasikia kwenye bati. Simu nimeiwekea sauti ya mwisho.

Alfajiri nitakuwa njiani. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kusalimia, lakini kesho sitamsubiri Bhoke. Nikifika pale kitandani nitamwita mkwe wangu kabla hajafungua mdomo, na jina la mtu yeyote sitamuuliza.