Bibi Yako Hakuwa Mchoktaw

Mama mkwe,

Ulinikataza kukuita hivyo. Uliniambia hukunizaa, nikuite Miss Loretta kama wanavyokuita kanisani. Sasa umelala chini huna la kufanya, kwa hiyo leo ni mama mkwe tu. Na nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza ungenikata kauli kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, ukanisahihisha matamshi, na habari yangu ikafia hapohapo. Leo nitasema mpaka mwisho.

Wade hajambo. Bado anaingia zamu ya asubuhi pale ghalani, bado anarudi na kukaa kimya mbele ya televisheni. Kiti chako kiko palepale dirishani, hakuna anayekikalia. Paka wako alihamia kwa jirani wiki ileile tuliyokuzika na sikumfuata. Jiwe la kaburi limeshawekwa, lakini hilo nitalisema mbele, nisije nikaanza barua kwa matusi.

Neema amekua. Amekaribia kunipita urefu. Na huyo Neema ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka siku nilipomleta kutoka hospitali? Majirani zako, weupe kama wewe na Wade, walikuja na mabakuli yao ya chakula, wakamchungulia mtoto, wakatazamana. Mimi nimekaa palepale kwenye kochi, mweusi kama nilivyo, maziwa yananidondoka. Ukacheka huku umefunika mdomo kwa kiganja, ukawaambia, "Hiyo rangi ni ya bibi yangu Ida. Alikuwa Mchoktaw, na damu ile ikishaingia haitoki." Wakati huo sikujua Wachoktaw ni nani, baadaye ndipo nikaambiwa ni wenyeji wa Marekani waliokuwako kabla ya wazungu, wale wanaoitwa Wahindi Wekundu. Wote wakafurahi, wakaanza kupakua chakula. Hakuna aliyenitazama. Nilimbeba mtoto yule miezi tisa, nikapasuliwa tumbo, halafu rangi yake ikawa ya bibi yako! Nilipomlalamikia Wade alisema, "Mama ndivyo alivyo," akaenda kulala.

Toka siku hiyo kila kitu cha Neema kilikuwa cha Ida. Mashavu ya Ida. Macho ya Ida. Nywele zikichanika ni za Ida, zikigoma ni zangu. Hata mwanya wake wa mbele, kitu ambacho kwetu mama wa msichana hutembea kifua mbele kwa ajili yake, ulisema ni alama ya Wachoktaw. Nawe ulikuwa nao mwanya huohuo na ulikuwa unauficha kwa kiganja kila ukicheka, mpaka mtoto naye akajifunza kucheka amefunika mdomo.

Na ile shikamoo. Nilimfundisha akuamkie kila asubuhi, "Shikamoo, bibi." Ukamwambia aache makelele, aseme kama watu. Sikukutaka ujue Kiswahili. Nilikuambia jibu ni neno moja, marahaba, na hata hilo hukulitoa siku moja. Mtoto anayeamkia asipojibiwa hubaki amesimama, hajui aende au abaki. Neema alisimama mbele ya kiti chako asubuhi nyingi, nami nikiwa jikoni nilikuwa namwona.

Siku ya mazishi yako Connie, binti yako, alimvisha mkufu wenye unyoya wa fedha, akamwambia sasa yeye ndiye anayebeba damu ya Ida. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Neema auvue anisaidie vyombo tukifika. Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake ni cha kusikia tu. Alisema yeye si Mwafrika kama mimi. Yeye ni Mchoktaw.

Nimekulia kambini Kigoma, mama mkwe. Nimeitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakuna lililoniingia kama lile, kwa sababu lilitoka kwa mtoto wangu na wewe ndiye uliyemwekea mdomoni.

Ndipo nikairudia ile kazi uliyonipa. Macho yako yalipoanza kukuacha ulitaka karatasi ya kuonyesha kwamba Ida alikuwa Mchoktaw kweli. Connie alikuwa ameshachoka. Ukanigeukia mimi, ukasema, "Ninyi wakimbizi mnajua mambo ya makaratasi." Ulisema kwa dharau, lakini hukukosea. Karatasi tunazijua. Mimi na watoto wote wa mstari wetu kambini, kwa karatasi, tumezaliwa tarehe moja Januari. Jina langu la ukoo ni sikio la karani aliyeandika alivyosikia. Na karani huyo alipomuuliza baba kabila lake, baba alimtazama usoni akajibu, "Sisi ni Wapentekoste." Mama alinifinya nisicheke.

Wakati wa uhai wako nilimtafuta Ida katika orodha za Wachoktaw za zama zile, sikumwona, nikafikiri ni ujinga wangu. Nilipiga simu hadi ofisini kwao. Mama aliyepokea alinisikiliza kwa upole, halafu akaniambia kila anayewapigia ana bibi Mchoktaw, bado hajampata mwenye babu. Nilikuambia, ukakasirika, ukasema nitafute vizuri.

Safari hii niliacha orodha zao, nikaenda kwenye sensa za zamani za serikali. Ida nilimkuta Mississippi, msichana, nyumba moja na wazazi wake na dada yake Cora. Penye rangi ya mtu karani ameandika herufi ya weusi, nyumba nzima. Sensa iliyofuata yuko hapa Louisville na mume. Umri umepungua. Alikozaliwa kumekuwa jimbo jingine. Na herufi ni ya weupe.

Connie angesema huyu ni mtu mwingine. Mimi nilisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Miaka iliyopungua, kwao kulikohama, nilikuwa nimeviona hivyo vyote kwa majirani zetu kambini na kwa baba yangu mwenyewe. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni: huyu anakimbia. Kitu kimoja tu kilimshinda kuacha. Binti yake wa kwanza alimpa jina la Cora.

Cora wa Mississippi, yule dada, nilimfuata karatasi kwa karatasi mpaka Buffalo. Amekufa zamani, lakini mjukuu wake yuko hai, bibi wa umri wako, anaitwa Hattie. Nilimwandikia, akanipigia simu. Wala hakushangaa. Aliniuliza tu, "Kwa nini mmechelewa hivi?" Nikamchukua Neema, tukaondoka.

Tulipitia Columbus kwa sababu nilitaka Connie aone kwanza, wewe ni mama yake. Pale kwake Westerville nilimwekea zile kurasa mezani. Alizisoma, nilimwona anazisoma, halafu akazisukuma kwangu kwa ncha ya kidole kama mtu anayesukuma kitambaa cha jikoni kilicholowa. Alisema makarani wa zamani walikuwa walevi. Alisema jiwe liko kwa mchongaji na litaandikwa "Mjukuu wa Mchoktaw," na unyoya juu yake. Nilimwomba waandike "Mjukuu wa Ida" tu. Jina, basi, wala si uongo wala si ugomvi. Akasema nisimguse mama yake. Mimi, niliyekuwa nakuosha ulipokuwa mgonjwa! Nilimpigia Wade atie neno. Akasema mambo ya jiwe anamwachia dada yake.

Tulilala kwa shangazi yangu Northland, mjini humohumo, nyuma ya duka lile la Waafrika la Morse Road tulikokuwa tunanunua unga. Nilipomsimulia aliweka kijiko chini. "Godeliva, sisi kabila tumelikimbia mpaka tumevuka bahari, na hao wanalitafuta kwa tochi?" Alicheka mpaka akapangusa macho kwa kitenge. Neema akataka kujua kinachochekesha. Nikashindwa kumtafsiria.

Nyumba ya Bi Hattie iko North Buffalo, ya mbao, ngazi zimepinda. Alifungua mlango anacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi. Mwanya ulikuwa pale katikati, wa kwako, wa Neema, naye haufuniki. Neema alisimama akimwangalia mdomoni, nikaona ulimi wake unagusa meno yake mwenyewe. Bi Hattie ni mweusi kama mimi, mama mkwe. Lakini nakueleza nini? Unamjua.

Alitukalisha mezani, akapiga ubao kwa kiganja, akasema hapo alipokaa Neema ndipo ulipokuwa unakaa wewe. Alisema Ida, ambaye ngozi yake ilimwezesha kupita kama mzungu, alikuwa anakuja na treni kumwona dada yake kwa siri, na anakuleta wewe, si mara moja. Mlikuwa umri wa Neema. Mlilala kitanda kimoja, wewe na Hattie, mkicheka mpaka mnafokewa. Alikuita Lottie. Na nyumbani kwao watoto walifundishwa kwamba wakimwona Ida njiani, nje ya nyumba hii, wasimsalimie. Wapite kama hawamjui.

Halafu Ida akafa, na Cora akasafiri na Hattie hadi Louisville kumzika dada yake. Hawakuingia makaburini. Walisimama ng'ambo ya barabara na nguo zao nyeusi, wanatazama. Ulikuwa msichana mkubwa, umeshika maua. Hattie akasahau aliyofundishwa, akakupungia mkono. Ulimwona. Anasema mlitazamana. Ukageuza uso.

Ulijua.

Ulijua siku wale majirani walipomchungulia mwanangu. Ulijua kila asubuhi Neema aliposimama mbele yako na shikamoo yake. Ulijua uliponikalisha kwenye kompyuta nikakutafutie Wachoktaw, nami nikirudi mikono mitupu ulinisema. Ulikuwa unataka nini? Karatasi itakayokufanya usiwe umegeuza uso? Wachoktaw wana wafu wao wenye majina, mama mkwe. Hawakuletwa duniani wawe kabati la kufichia dada zenu.

Ida sina neno naye. Ida alikimbia watu ambao wangeweza kumuua, kama baba yangu alivyokimbia, na mtu anayekimbia hujiita lolote. Angeniuliza, ningemfundisha kusema Mpentekoste. Lakini wewe, kwenye kiti chako dirishani, na blanketi miguuni na chai niliyokupikia mimi, ulikuwa unakimbia nani?

Kuna kitu kingine, na hiki kinaniuma kuliko jiwe. Ile wiki ya mwisho nilipokuwa nakuosha, ulinishika kifundo cha mkono, ukasema, "Una mikono ya bibi yangu." Nilicheka moyoni, nikasema leo na mimi nimekuwa Mchoktaw. Sasa nimeelewa na sijui niyaweke wapi maneno hayo. Yalikuwa mazuri. Ningeyalilia kwa furaha kama ungeyasema siku ile sebuleni, watu wamejaa. Umenipa ukiwa na homa, mlango umefungwa, na ukaondoka kabla sijajua umenipa nini. Nakuchukia kwa hilo. Na nimekulilia vilevile, ukitaka kujua.

Connie ameshinda. Jiwe liko juu yako na unyoya wake, limeandikwa alivyotaka, na watu wa kanisa lako wanalisifu. Neema hajaniomba radhi kwa yale ya kwenye gari, nami sijamdai. Bado ananijibu kwa Kiingereza. Ila tulipokuwa tunarudi kutoka Buffalo niliwapigia watu honi kimakosa, nikaomba msamaha kwa mikono yote miwili nikiwa naendesha, akacheka. Alicheka mdomo wazi. Nikaendelea kutazama barabara, nisije nikamfanya akumbuke kufunika.

Bi Hattie ameomba kitu kimoja tu. Hataki jiwe libadilishwe, hataki Connie amtambue, anasema kwa umri wake hana muda wa kutambulishwa. Anataka kuingia kwenye yale makaburi, asimame upande huu wa barabara. Wewe umezikwa hatua chache tu kutoka kwa Ida, kwa hiyo atawaona wote wawili.

Kwa hiyo nakuahidi, tutakuja. Tutamleta kabla ya baridi kuanza. Tutakuja Jumapili mchana, wakati kanisa lako hapo jirani linatoka na kila mtu anaona, weusi watatu, mmoja na fimbo yake. Bi Hattie atakuita Lottie, kwa sauti, na safari hii huna pa kugeuzia uso. Neema atakuamkia shikamoo. Amekubali, nimemuuliza. Nimemwambia akishaamkia asisimame kungoja, aweke maua, atembee zake.

Kwaheri, mama mkwe.

Ni mimi Godeliva, niliyempa Neema rangi yake.