Mpaka Uliosema Huukumbuki

Mdogo wangu Ekisa,

Kitabu chako kimefika. Nimekichukua posta ya Tororo. Kijerumani sijui, ila barua uliyoambatanisha imenieleza: ni historia na jiografia ya wilaya ile ya mashambani unakoishi. Vijiji vilivyounganishwa, mto uliohama njia, ua wa waya uliowahi kuwatenga ndugu na ndugu. Unasema ulitembea kwa miguu mpaka wote wa zamani, jiwe kwa jiwe, ukiwahoji wazee.

Nilisoma hapo nikakaa chini.

Unakumbuka baba alipopanda mkonge wa mpaka kule Buteba? Ulikuwa na miaka minane, mimi kumi na mmoja. Jirani yetu, mzee Omuse, alisimama upande wake akiitikia kila mche. Mche wa mwisho ulipopandwa, baba akakuzaba kibao. "Hicho ni cha kukumbuka," alisema. "Siku moja utaulizwa." Ulilia mpaka nikakumenyea muwa. Mimi sikupigwa, lakini hata leo naweza kuihesabu ile mikonge.

Omuse alipomfuata baba kaburini, wanawe waliing'oa asubuhi moja, wakalima kwa ng'ombe hadi mlangoni pa jiko la mama. Kamati ya kijiji ikakaa. Nikasimama kueleza, mwenyekiti akanikata: "Wewe dada umeolewa Tororo. Mpaka unajua nini? Mwanaume ndio anajua. Pigia huyo wa Ulaya."

Nikakupigia, nikaweka sauti juu ili wote wasikie. Mama alikuwa mkekani. Uliposema "haloo" alitabasamu, maana hakuwa amekusikia tangu Pasaka.

"Ekisa, waambie baba alipanda mkonge wapi."

Ukajibu: "Dada, nilikuwa mtoto. Siwezi kusema kitu nisicho na hakika nacho. Waelewane tu."

Tabasamu la mama lilikwisha taratibu. Akajitanda leso, akaniomba nimsaidie kuinuka.

Kamati ikawapa wana wa Omuse shamba lote, nikamhamishia mama Tororo. Alifia kwangu, katika chumba cha nyuma. Tulimzika Kiyeyi kwa kaka zake, kama mwanamke aliyeachika, wakati baba amelala peke yake Buteba, katika shamba la watu. Wewe hukuja; ulisema kitabu kilikuwa kinakaribia kwenda mtamboni.

Muda mrefu nilikutetea. Nilijiambia labda kweli umesahau, kichwa cha mtoto ni kidogo. Sasa nimeona unavyoweza kuwauliza wazee wa watu wengine, mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka. Kumbe mimi hukuniuliza hata mara moja.

Unaandika kwamba Desemba utakuja, utafikia nyumbani. Nyumbani wapi? Iliposimama nyumba ya baba pana mihogo ya wana wa Omuse. Nenda kwao. Watakuchinjia kuku, na wana haki ya kukushukuru. Kwangu usipige hodi.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.