Babu na Geti la Cwmbrith

Jumanne, 7 Novemba
Namba kumi ni mimi! Kocha ametangaza timu baada ya mazoezi. Jumapili ya wiki ijayo wanawake watacheza raga katika uwanja wa klabu yetu hapa Cwmbrith kwa mara ya kwanza, na nitavaa namba aliyovaa Babu. Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, nacheka peke yangu kama mwehu. Mererid, beki yangu kwa kila jambo ingawa uwanjani anacheza mstari wa mbele, amesema nisijione sana: jezi yenyewe ingemtosha ng'ombe wa kwao.

Nimempigia Babu simu na kumwalika. Badala ya kujibu, akaanza habari za vitunguu vyake.

Jumatano, 8 Novemba
Vitabu havisomeki leo. Namuwaza yeye tu. Tegwyn Prothero – "Moshi", kwa sababu wapinzani walidhani wamemkamata, kumbe wamekumbatia hewa. Aliichezea Wales huku bado anachimba makaa. Ile trai ya Cardiff, bao alilofunga akikimbia kutoka katikati ya uwanja: kila mzee wa bonde hili anaapa alikuwepo. Wangekuwepo wote, jukwaa lingezama.

Kisha akaenda kaskazini mwa Uingereza kucheza raga ya kulipwa. Enzi hizo raga ya kwetu ilikuwa ya ridhaa tu, na kulipwa kulikuwa sawa na kuasi dini. Kamati ya klabu ikamwambia asikanyage tena uwanjani. Picha yake klabuni ikashushwa. Msumari ungalipo ukutani, na hakuna aliyewahi kutundika kitu kingine pale. Leo wachezaji wakubwa wote wanalipwa, na marufuku ile imesahaulika kila mahali. Babu bado hajakanyaga. Mama anasema ni kiburi tu.

Jumamosi, 11 Novemba
Nilikuwa kwa Babu, chai na mkate wa zabibu. Ghafla, bila kuniangalia:

"Ukipiga mpira unainua kichwa mapema. Jumamosi iliyopita uliinua tena."

Kikombe kikagandia njiani. Sikuwa nimemwambia mtu. Jumamosi iliyopita tulikuwa mazoezini sisi wenyewe, na kondoo juu ya kilima. Kondoo na – Babu! Nikaona darubini dirishani, na buti zenye tope mlangoni. Miaka yote hii amekuwa akitazama kutoka kule juu! Nilicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Naye akacheka, kidogo, kwa pua.

Nikamwambia ashuke basi, chini kuna viti na paa. Akapaka siagi polepole.

"Niliambiwa nisiingie. Sijaambiwa niingie."

Si kiburi. Anasubiri. Nimeandika hivi na nimebaki nalitazama neno hilo.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimekwenda buchani kwa Idwal, mwenyekiti wa klabu. Alikuwa anakata mbavu. Akacheka: bonde zima linajua Tegwyn anakaribishwa, tangu zamani! Nikamuuliza ni nani alimwambia Tegwyn mwenyewe. Kisu kikasimama. Yeye alidhani mwenyekiti wa kabla yake alisema. Huyo wa kabla, marehemu, alidhani mchungaji wa kanisa amesema. Watu wanaojua nani kakohoa nyumba ya nne, wanaoimba kwa sauti nne bila kufundishwa, na sentensi moja imewashinda!

Nilitaka kulia, lakini barabarani nikashikwa na kicheko tena. Idwal ameahidi kwenda kumwambia. Amenifungia soseji za bure, kwa aibu.

Ijumaa, 17 Novemba
Idwal alikwenda kwa Babu. Walikaa saa nzima wakiongea vitunguu, akaondoka na furushi la vitunguu. Hakusema! Eti nafasi haikupatikana.

Watu hawa watanimaliza.

Jumapili, 19 Novemba
Mapumziko, chumba cha kubadilishia nguo. Naandikia magotini, tope mpaka kwenye karatasi. Tuko nyuma kidogo lakini nani anajali!

Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza tulipata teke la adhabu. Kabla ya kupiga nilitazama kilimani. Kondoo tu. Basi nikainamisha kichwa, nikapiga, nikakiacha chini hadi nikaona nyasi moja moja. Hakuna aliyeshangilia, nikajua nimekosa. Nikageuka: mpira umepita katikati ya nguzo kabisa, na hakuna aliyeuona. Jukwaa zima limegeukia getini.

Babu. Koti la kanisani, tai. Amesimama nje ya geti lililo wazi, ncha za viatu kwenye mstari wenyewe wa geti.

Mererid amepanda benchi, anatutangazia anayoyaona kupitia kidirisha. Idwal anamwendea. Wamepeana mikono. Idwal ananyoosha kidole mawinguni.

"Wanaongea mvua," Mererid amesema.

Mvua! Kocha anatupangia kipindi cha pili, hakuna anayemsikia. Timu nzima iko juu ya benchi. Babu naye ametazama mawingu. Anajibu. Kwa heshima kabisa, kuhusu mvua. Sema, Idwal, sema, mtu mzima wewe!

Refa anagonga mlango.

"Heledd," Mererid ananiita, sauti imeshuka. "Idwal amevua kofia."

Haivui hata kwenye mvua ya mawe. Anaishika kifuani kwa mikono miwili, mdomo unafunguka – nipisheni jamani, niacheni na mimi nipande nione!