Posa Niliyoipeleka Bila Kujua

Ukunda,
14 Juni 1998

Kwa Dada mpendwa Veronicah,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba Linet amepona ile surua. Mama na Baba nao hawajambo? Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, ila mvua za mwaka huu zimetuachia matope ya kutosha kunikumbusha nyumbani. Usinicheke ukiona Kiswahili changu kimenyooka. Huku ukimwamkia mtu mkubwa kwa "sasa", anakutazama tu mpaka uanze upya na shikamoo, na mimi nimeanza upya mara nyingi.

Uliniuliza kama kazi hii ya ofisi ya wafanyakazi ni kazi kweli au ni kukaa tu na kujua mishahara ya watu. Wewe ndiye uliyenisukuma kuisomea, ukisema tangu utotoni napenda kuingilia yasiyonihusu, basi heri nilipwe. Ni kazi, dada. Jumamosi navuka feri kwenda darasani Mombasa, na siku nyingine hapa hotelini nafundishwa na mkuu wangu, Bi. Mwanasha, mama wa Msambweni ambaye hapazi sauti hata akikasirika. Amenifundisha kumhoji anayeomba kazi, kuwapatanisha wapishi wanaogombea zamu, na zaidi ya yote kutunza siri. Jambo la mfanyakazi asilisikie mtu mwingine kabla yake mwenyewe.

Tangu vurugu za mwaka jana watalii wamekuwa haba, na mwanzoni mwa mwaka huu hoteli ikaanza kupunguza watu. Wa kwanza niliyepewa kumwarifu alikuwa Johnstone, mhudumu wa meza. Nilimkuta kwenye ujia wa jikoni na sinia mkononi, nikamwambia palepale, harakaharaka, yaishe. Aliingia ukumbini akawahudumia wageni mlo mzima wa mchana huku machozi yakimtoka, na wageni wakadhani anaumwa macho. Bi. Mwanasha aliniita akaniambia kwamba kwao habari nzito haisemwi njiani. Mtu hufuatwa kwake, huketishwa, huulizwa hali yake na ya watoto, na ikiwa ni nzito kweli, anayeileta huandamana na wazee. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Aliyefuata alikuwa Kanze, anayefanya kazi kwenye chumba cha kufulia. Kanze ndiye anayemlisha nyanya yake na wadogo zake pale Kombani, na sitakuficha kwamba nilikuwa na sababu nyingine ya kutotaka anichukie. Jumapili tunaimba kwaya moja, yeye sauti ya pili, mimi najikaza kwenye ya nne. Nikaapa kwamba huyu hataambiwa ujiani. Nikamwomba Mzee Tsuma, msimamizi wetu wa bustani, na Mama Twaiba, mwenye nyumba ninayopanga, wanifikishe kwao Kanze. Kwa kuwa siri ya ofisi ni siri, sikuwaambia tunakwenda kwa shughuli gani. Nilisema tu kwamba nina neno kuhusu Kanze nataka kulifikisha kwa wakubwa wake kwa heshima. Nikavaa tai. Na kwa kuwa Mama hakutulea kwenda kwa watu mikono mitupu, nikanunua sukari na majani ya chai.

Wewe umeshaelewa. Mimi nilikuwa bado. Niliona tu kwamba Mama Twaiba amejifunga leso mpya na Mzee Tsuma ananipigapiga begani kila mara. Tulipofika tukatandikiwa mkeka, tukapewa maji, salamu zikaenda na kurudi, na kabla sijakohoa Mzee Tsuma akamwambia mjomba wake Kanze, Mzee Mwinga, kwamba kijana wao ameona ua katika boma lile na wamekuja kuomba njia. Mtu wa bustani yule, alilisema kwa raha zake zote. Nyanya akapiga kigelegele. Nilipofungua kinywa, Mama Twaiba akanifinya paja, maana siku kama hiyo mwenye kuposa haongei. Nikanyamaza. Nilikwenda kumwachisha msichana kazi, nikawa nimemposa.

Kanze alitusindikiza hadi barabarani, akanibakisha nyuma ya wazee pamoja naye. Kwa sauti ya chini akaniambia kwamba habari ya kazi alikuwa ameshaijua, kwani mashuka yakipungua anayefua ndiye wa kwanza kuona. Alichotaka kujua ni kama ile nyingine, ya Mzee Tsuma, nilikuwa na nia ya kuifuta. Nikamjibu kwamba ya kwanza ndiyo niliyotumwa, ya pili sikuileta mimi, lakini kuikana siwezi. Akasema hawezi kukubali posa ya mtu aliyekuja kumwachisha kazi, kwa sababu watu watasema amepewa mume badala ya mshahara, na yeye mwenyewe huenda siku moja akaamini hivyo. Nisubiri apate kazi, ndipo tuone kama bado nitakuwa na hamu. Akaniomba nyanya yake asiambiwe lolote siku ile, aachwe afurahi kwanza. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa sauti yake ya kwaya.

Basi nikaanza kumtafutia Kanze kazi kwa bidii ambayo sijawahi kuitafutia yangu. Kwa ruhusa ya Bi. Mwanasha nikawa nawakusanya waliopunguzwa pale kanisani baada ya ibada, Johnstone akiwa miongoni mwao, Mungu ambariki kwa kunisamehe. Nikawafundisha kuandika maombi na kujibu maswali. Taabu kubwa ilikuwa kujisifu. Ukimwuliza Kanze anajua nini, anatazama chini na kusema anajua kidogo tu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa. Nilimwambia asijisifu, aeleze tu siku yake ya kazi inavyokwenda tangu asubuhi. Hapo akaanza kuzungumza, akatoka kwenye mashine zinazoharibika akaingia kwenye madoa ya divai, na sote tukabaki tunasikiliza. Alizungumza hivyohivyo mbele ya wakubwa wa hospitali moja huko Msambweni, na mwezi uliopita wakamchukua awe msimamizi wa ufuaji.

Sasa, dada, umeshasalimiwa na naamini umeketi. Hoteli inafungwa mwisho wa mwezi huu. Sisi wote tuliobaki tunaachishwa, na mimi nimo. Nilimwambia Bi. Mwanasha hakuna haja ya kuniketisha, kwa vile barua nilizipiga chapa mwenyewe. Akaniketisha hata hivyo, akaniuliza habari zenu mmoja mmoja kwa majina, na kabla hajafika kwenye neno lenyewe akalia yeye.

Jumapili nilikwenda Kombani peke yangu kumwambia Kanze kwamba aliyemposa sasa hana kazi, na kwamba yeye yuko huru. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna. Alisema yeye alitaka kazi ili asije kwangu kwa shida. Hakusema kwamba mimi nikiwa na shida nisiende kwake. Mshahara wa hospitali utatosha unga na mboga, na mimi nimalize masomo yangu. Kisha akauliza watu wangu watakuja lini, maana Mzee Tsuma ni mzee mwema lakini si baba yangu. Nililia, dada, mbele ya nyanya yake, na sikuona haya.

Nakuomba unisaidie kwa Mama. Mketishe, umwambie ya kazi kwanza, taratibu. Ya Kanze usimcheleweshee. Zungumza na Baba pia, mje mwezi wa nane shule zikifungwa. Nyumba ni ndogo, lakini Mama Twaiba ameshasema mtalala kwake, na hataki ubishi.

Nisalimie shemeji, umbusu Linet, na wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Kanze anakusalimu. Ameniagiza niandike kwamba anakuamkia, shikamoo dada.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gedion